Waulize na kuhusu vijana wetu: niliyojifunza nikikusanya kumbukumbu za vita Fizi

Wazee wa kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, hawapati shida kusimulia vita vya wageni. Kaa nao barazani Baraka au Mboko, au ng'ambo ya ziwa, Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, watakupangia majeshi yote yaliyopita: waliokuja na Kabila 1996, waasi wa RCD waliofuata 1998, Wanyarwanda, Warundi. Watakwambia mpaka mabuti yao yalikuwaje. Halafu uliza habari za wapiganaji wa kienyeji, "Na vijana wetu, hawa Mai-Mai, hapa kijijini walifanya nini?" Mmoja atakumbuka kwamba ameacha mgonjwa nyumbani. Mwingine atasema wale walikuwa watoto wetu, walitulinda, na hilo ni kweli, kisha ataomba maji ya kunywa.

Majibu ya swali hilo la pili ndiyo nimeyakusanya kwa ndugu zangu kwa miaka kadhaa sasa. Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuanza na wazazi wake, awe wa Fizi, Uvira, Masisi, Burundi au kaskazini mwa Uganda. Kazi hii inakula pesa, inakula usingizi, na kwangu mimi imekula pia salamu za ndugu wawili watatu ambao hawanipigii tena.

Mimi ni Mbembe wa mwambao. Tulivuka Tanganyika nikiwa bado shule ya msingi, tukaishi kambi ya Lugufu, na Lugufu ilipofungwa tukapelekwa Nyarugusu. Sasa niko Marekani pamoja na mama. Kilichonianzisha ni mbuzi. Maisha yangu yote mama amesimulia kwamba nyumba yetu ilichomwa na askari wa RCD na kila kilichokuwemo kikaenda na moto. Siku moja mama mkubwa, dada yake aliyebaki Baraka, akanitumia ujumbe wa sauti kuhusu mambo ya shamba, na katikati ya maneno mengine akapitisha hili: "kama wale mbuzi wa baba yako waliochukuliwa na vijana, juma lile kabla ya moto." Nikaurudia kuusikiliza. Nikamuuliza mama. Akasema, "Yaya amezeeka," yaani dada yake. Zikapita siku, tukiwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, akaanza mwenyewe bila kuulizwa: "Walikuwa mbuzi na redio. Redio ndiyo iliyomuuma baba yako."

Asiyetoka kwetu lazima aelezwe kidogo. Vita vya pili vilipoanza Agosti 1998, waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda, na huku mwambaoni wakiwa na jeshi la Burundi, walishika barabara na senta. Mai-Mai walishika milima na pori. Raia tulikuwa katikati. Mchana ulikuwa wa askari, wakiuliza nani amewapa vijana chakula; usiku ulikuwa wa vijana, wakiuliza nani amezungumza na askari. Vijana walipiga msafara barabarani, wakapanda mlimani. Askari walipokuja kulipiza, waliokutwa chini ni wanawake, watoto na wazee wasioweza kupanda. Makobola ilikuwa hivyo. Kuanzia 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999 mamia ya raia waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, baada ya Mai-Mai kuwashambulia askari. Damu hiyo iko juu ya waliofyatua risasi, sina neno. Lakini wazee, ukiwapa muda, wana swali lao wenyewe ambalo hawalisemi mbele ya watu: vijana walijua kitakachotupata, kwa nini walipiga pale, karibu na nyumba zetu, wakaondoka?

Swali hilo nilikuja kulisikia baadaye sana. Mwanzoni nilichopata ni hadithi za faili.

Aliyepita kambini ananielewa. Ili upate makazi katika nchi ya tatu unahojiwa, unahojiwa tena, unahojiwa na watu wa nchi itakayokupokea, na kila mara karatasi ya zamani iko mezani. Ukisema kaka alikufa asubuhi na mwanzo ulisema jioni, faili linaweza kukwama miaka. Kwa hiyo familia zilijifunza hadithi zao kwa moyo. Hazikuwa za uongo. Zilikuwa zimekatwa kucha na kunyooshwa, zinaanza na kumalizika mahali pale pale. Mama yangu akisimulia ile ya nyumba anabadilisha hata mkao, anakaa wima, mikono mapajani, anataja jina lake kamili. Nilihitaji muda kutambua kwamba sauti ile haikuwa ikizungumza na mimi.

Njia ya kutoka humo ni kuuliza vitu ambavyo hakuna ofisa aliyewahi kuuliza. Siku ile mlikuwa mmepika nini? Nani alikuwa na redio, na mlisikiliza stesheni gani? Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kitu gani, mti au kamba? Nani alibeba sufuria? Mama alicheka nilipouliza habari za sufuria, kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: sufuria kubwa ilikuwa kwa jirani, kwa sababu vijana walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiagiza bugali wa watu waliokuwa juu, na zamu ilikuwa ya jirani.

Hapo pana hatari ambayo lazima niiseme wazi. Sheria ya Marekani inamfungia mlango mtu aliyetoa msaada kwa kikundi chenye silaha, na chakula huhesabiwa kuwa msaada. Mtu aliyepika akiwa ameelekezewa bunduki aliweza kuzuiwa. Kuanzia 2007 serikali ilianza kutoa misamaha kwa waliolazimishwa, lakini ni utaratibu mrefu na haumfikii kila mtu. Watu wa kambini walilijua hilo kabla hata ya wanasheria kuwaeleza. Ndiyo maana katika hadithi za faili hakuna aliyewahi kupika, hakuna aliyebeba gunia, hakuna aliyelipa lala salama, ule ushuru wa wenye silaha. Eneo zima lililishwa na hewa. Kama mzee wako bado ana faili lililo wazi, la makazi, la kuunganisha familia au la uraia, usirekodi habari hizo. Ongea naye kama mtoto na mzazi, simu ikiwa chumba kingine, na atakayetaka kwenda mbele amwone kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Kuna watu wa familia yangu ambao nimeacha kuwauliza kwa sababu hiyo tu, na sitasema ni akina nani.

Tarehe nazo zina kazi yake. Wenye shule ndio walionisumbua, maana walishasoma mahali na wanakupa tarehe ya kitabu kwa tukio jingine. Mama mkubwa hakusoma. Hajui tarehe, anajua mwezi. Wavuvi wa ndagala (dagaa) hutoka na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, mitumbwi inalala mchangani, wanashona nyavu. Akaniambia usiku walipofika watu waliokimbia kutoka Makobola, ziwa lilikuwa jeupe, majini hapakuwa na taa hata moja, na mzee mmoja jirani, Mwislamu, alikuwa amefikisha nusu ya mfungo. Nikafungua kalenda. Mwezi mpevu ulikuwa usiku wa kuamkia 2 Januari 1999. Ramadhani ya mwaka ule ilianza karibu na tarehe 20 Desemba. Vyote vinakaa mahali pake. Tangu siku hiyo siulizi "ilikuwa mwaka gani" kabla sijauliza mihogo ilikuwa imefika wapi, mvua ilikuwaje, wavuvi walikuwa wapi, nani alikuwa na mimba ya nani.

Uliza pia walilipa kwa pesa gani. Franka mpya ya Kongo ilikuja 1998 ikichukua nafasi ya zaire, na ingawa noti za zamani hazikuondoka siku moja, mtu anayekumbuka kulipa zaire pengine anakusimulia vita vya 1996 akidhani ni vya baadaye. Fizi hili si jambo dogo, kwa sababu vita vyetu vimelaliana. Wazee walikimbilia pori wakati wa Simba 1964. Mwaka uliofuata alikuwapo Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma Aprili na kuondoka Novemba. Kisha Laurent Kabila akaanzisha chama chake cha PRP 1967, akakaa na maquis yake, yaani waasi wake wa porini, Hewa Bora karibu miaka 20, akiuza dhahabu na pembe za ndovu ng'ambo. Kwa mtu aliyezaliwa 1950, "vijana wa porini" ni watu wa vizazi vitatu. Mama mkubwa alinisimulia kwa undani mwanamume aliyefungwa kwenye mti kwa kuficha chumvi, na mimi nikaandika 1999. Ilikuwa enzi za maquis ya Kabila. Mwenye kufungwa alikuwa babu yangu mdogo, aliyefariki kabla sijazaliwa. Mwache mzee amalize. Upangaji unafanyika baadaye, na mtu wa pili wa rika lake akiwapo, watapanga wenyewe wakibishana, na ubishi huo ndio mtamu kuurekodi.

Sasa lile lililofungua mlango. Kwa muda mrefu nilikuwa nauliza "walifanya ubaya gani?" na nilikuwa najibiwa na ukuta. Swali lenyewe linamtaka mzee ashitaki watoto wa dada yake. Kisha jioni moja kwenye simu baba mdogo, ambaye alikuwa Mai-Mai akiwa na miaka kama 15, akaanza kuniambia masharti ya dawa. Msomaji wa Tanzania anayemjua Kinjekitile na Maji Maji ya 1905 hatashangaa: kijana anachanjwa, ananyunyiziwa maji na daktari wao, na risasi itageuka maji, mradi ashike masharti. Asiibe. Asimguse mwanamke. Asishikane mkono na mtu ambaye hakuchanjwa. Kuna vyakula haruhusiwi. Akivunja, dawa inakufa, na risasi ya kwanza ni yake. Simba wa 1964 nao walikuwa na maji yao na masharti yao.

Nikamwuliza mama mkubwa, "Masharti waliyashika?" Akavuta pumzi. "Mwanzoni waliyashika sana mpaka tukawaonea huruma. Unampa mtoto maembe anakataa, anasema ni mwiko." Na kuanzia hapo akanieleza, bila mimi kuuliza tena, jinsi dawa ilivyoharibika. Wa kwanza kuvunja alianza na kuku. Halafu mbuzi. Halafu kukawa na karatasi ndogo za kuonyesha umelipa, na kizuizi cha kamba njia ya kwenda shamba. Halafu mabinti. Alijua hata kijana aliyekufa vitani, na kijiji chote kikajua amekufa kwa sababu gani. Baba mdogo alinieleza mambo hayo hayo kutoka upande wa pili: njaa, mvua, viongozi wenye redio za mawimbi na vijana wasio na viatu.

Hivyo ndivyo watu wa kwetu wanavyoweza kusema maovu ya wenyewe bila kuwakana. Hawasemi walikuwa majambazi. Wanasema waliharibu dawa. Kila mahali pana njia ya namna hiyo; aliye Acholi, Uganda, au Bubanza, Burundi, ana yake, na kazi ya kwanza ni kuitafuta kabla ya kuwasha simu. Mimi siamini kwamba dawa inageuza risasi. Lakini sikuwahi kubishana nalo, na wala usibishane.

Kuhusu mabinti. Usimuulize mama yako. Usimuulize shangazi mbele ya mume au mtoto. Kwetu waliofanya mambo hayo walikuwa wa kila upande, na mwanamke aliyefanyiwa na askari mgeni walau alipata watu wa kumlilia. Aliyefanyiwa na kijana wa kijiji anamwona kijana huyo sokoni mpaka leo. Mmoja wa ndugu zangu aliniambia kwa sentensi moja, akiwa anachambua mchele, na hakuendelea. Sikuuliza lolote. Kama anayekueleza yuko Kivu na anataka msaada, Hospitali ya Panzi ya Bukavu, ile ya daktari Mukwege, hupokea wanawake hata miaka mingi baada ya tukio. Jua hilo na uwe na njia ya kumfikisha kabla hujaanza kuuliza watu habari za vita. Kurekodi na kuondoka ni ukatili.

Miili inakumbuka pia. Mama ana presha. Tulipozungumza jioni hakulala, na kesho yake alikuwa na kichwa. Tukahamia asubuhi, baada ya chai, siku ambazo hana kazi, na tulimaliza kwa jambo jingine: arusi ya nani, mtoto wa nani amezaliwa, samaki wa mikeke wa kuchoma walivyokuwa na utamu. Usimwachie mzee simulizi ya mauaji kisha ukakata simu kwa sababu bando limeisha. Weka bando la kutosha kwake na kwako. Hilo ndilo gharama kubwa kwa walio mbali. Ndugu wa Baraka hatakwambia kwamba salio lake linakwisha, atakatika tu, na utadhani amekasirika. Nilipokwenda mwenyewe, pesa nyingi ziliishia kwenye usafiri. Barabara ya Uvira na Baraka wakati wa mvua inaweza kukuweka njiani siku nzima, na boti nayo inasubiri upepo. Na hakuna mzee utakayemtembelea mikono mitupu. Sukari, sabuni, kitenge. Wengine watakwambia zawadi inanunua ushuhuda. Mimi nasema kwenda kwa mzee bila kitu ni utovu wa adabu, lakini nilitoa wakati wa kuaga, na sikuahidi lolote.

Jambo la usalama sikulipa uzito wa kutosha mpaka lilipotokea. Ndugu mmoja, kwa furaha tu, alichukua kipande cha sauti ya mzee wetu akakituma kwenye kundi la ukoo, watu zaidi ya mia wa mabara manne. Ndani ya kipande hicho mzee anamtaja kwa jina aliyemchapa viboko wakati ule. Mtu huyo yu hai, ni mtu mzito, na ana wajomba katika kundi hilo hilo. Zilipita wiki za simu, wazee wakakaa, mbuzi akachinjwa, tukasema yameisha. Fizi vikundi vyenye silaha bado vipo. Aliyekuwa kijana wa porini 1999 leo anaweza kuwa chifu, mchungaji, ofisa wa jeshi, au yuko porini bado. Kwa hiyo sasa nafanya hivi: majina naandika kwenye daftari, kwa alama ninazozijua peke yangu, na kwenye sauti namwomba mzee aseme "yule mtoto wa fundi" au chochote atakacho. Rekodi hazikai kwenye simu ninayosafiri nayo, maana simu hushikwa kwenye vizuizi. Zikishahamishwa nazifuta. Nakala iko mahali pawili. Na kila mzee nimemuuliza mambo mawili, tena mara ya pili baada ya muda, kwa sababu watu hubadili nia: nani aruhusiwe kusikia sasa, na nani baada ya wewe kufa. Majibu yanatofautiana sana. Mama mkubwa anasema kila mtu, hata leo, nizitume kwenye redio. Mama anasema wajukuu tu.

Wabembe wenzangu watanikasirikia kwa hili linalofuata, lakini bila hilo kazi yote ina kilema. Kwetu hadithi inaanza Oktoba 1996, na kijiji cha Abala, ambako wanajeshi wa Kabila waliwaua watu wetu. Hakuna aliyeanza simulizi yake mwezi mmoja nyuma. Septemba 1996, kabla ya Abala, Wanyamulenge, Watutsi wa Kongo walio majirani zetu, waliuawa Lweba, Baraka, Mboko, raia wenye watoto, na waliowaua walikuwa Wabembe wenye silaha. Haya si maneno ya maadui; yameandikwa katika ile ripoti ndefu ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010, inayochunguza matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na ripoti hiyo hiyo ndiyo iliyoandika Abala na Makobola yetu. Huwezi kuipenda ukurasa mmoja na kuikataa mwingine. Ushauri wangu kuhusu ripoti: isome baada ya kuwasikiliza wazee. Ukianza nayo, utajikuta unawatafunia wazee maneno, "haikuwa tarehe fulani kweli?", na wao kwa heshima watakubali.

Katika mji ninaoishi kuna mama wa Kinyamulenge tuliyekutana darasa la Kiingereza. Alinusurika Gatumba, Burundi, Agosti 2004, usiku ambao watu zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa kwenye kambi ya wakimbizi na kikundi cha waasi wa Burundi, FNL, kikatangaza kwamba ni chenyewe. Kiswahili chetu kimoja, cha ziwa. Nilimweleza ninachokusanya, akaniuliza kama nina sauti za watu wa Lweba. Sikuwa nazo. Akasema, "Basi huna vita, una nusu." Alinipa yake, asubuhi mbili. Kuna mahali alitaja njia na mto, na nikajua ni karibu na shamba la ukoo wetu, na nikanyamaza kwa sababu sikujua niseme nini. Nilipomwambia mama, alikasirika kwamba nimemwingiza "mtu wa pili" kwenye mambo ya nyumbani. Hajamkaribisha mpaka leo. Mimi naendelea kumwona.

Nilirudi kwa wazee wangu na swali hilo la Septemba. Wengi walisema walikuwa shambani. Mmoja tu, mzee wa kanisa, alisema: "Tulifunga madirisha." Nimeliacha kama lilivyo.

Kuna mambo madogo ambayo hayana mahali. Usirekodi karibu na ziwa mchana, upepo unakula sauti. Ndani ya nyumba yenye mapazia ni bora, na kuku watolewe. Mtoto wa shule akusaidie kuandika, lakini asiandike ya mauaji. Mzee akiingia Kibembe mwache huko huko, usimrudishe kwenye Kiswahili. Mambo mazito husemwa kwa lugha ya mama, na mtafsiri utampata. Andika siku ile ile. Na wewe mwenyewe tafuta mtu wa kuzungumza naye. Mimi nilianza kuota moto ambao sikuuona, maana usiku ule nilikuwa mgongoni kwa mama nimefunikwa kitenge. Nilikaa miezi bila kugusa rekodi, na hakuna kilichoharibika.

Aliyebaki ni baba mdogo. Masharti amenieleza, njaa amenieleza, jinsi walivyoteremka 2003 serikali ya mpito ilipoundwa na wakasubiri kambini waingizwe jeshini mpaka wengine wakarudi porini, hayo pia. Habari za mbuzi na redio amekataa. Hakusema hakuwepo. Alisema, "Ile nitaongea na mama yako, si na simu." Mama naye anasema hana la kuongea na shemeji yake mpaka aje mwenyewe. Mmoja yuko Baraka, mwingine Marekani, na visa haipatikani. Nimempendekeza mama tuzungumze kwa video mimi nikiwa kazini, simu isirekodi chochote. Amesema atafikiria. Juzi ameniuliza kama huko kwa shemeji yake umeme upo Jumapili.